Chupa Isiyo na Tarakimu

Nilikuwa na mwaka wa nne nikifundisha kemia katika shule ya wasichana mjini Sumbawanga, na bado sikuwa na ujasiri wa kuingia stoo ya maabara peke yangu. Sikuogopa kemikali. Nilimwogopa mwenye stoo. Fundi wetu wa maabara alikuwa mzee aliyebakiza chini ya mwaka mmoja kustaafu, Mfipa mwenzangu, mrefu, mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi hadi likafanana na chujio la chai. Alizijua chupa zote kwa sura. Ukihamisha moja kutoka rafu hii kwenda ile, kesho yake angekuuliza kwa upole, kwa Kifipa ili wanafunzi wasielewe, kama huko kwetu Mwazye watu huwa wanahamishiana vyungu jikoni.

Mwazye ndiko nilikozaliwa, kwa wazazi wanaolima mahindi na ulezi na wasiokosa misa ya Jumapili. Kwa hiyo mzee alinichukulia kama mtoto wa jirani aliyebahatika kupata digrii. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaitikia, kisha tukaanza kubishana. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu ya kazi, na nakiri niliyafurahia.

Julai hiyo tulipata taarifa kwamba mkaguzi angekuja kuangalia kemikali za shule. Kila chupa iandikwe kwenye orodha kwa jina lake kamili, na isiyojulikana ielezwe imetoka wapi na itateketezwaje. Mzee akaenda stoo na daftari lake, mimi nikamfuata na kalamu yangu. Tulimaliza rafu tatu bila ugomvi. Kwenye rafu ya nne, nyuma kabisa, ndipo tulipoikuta chupa ya kahawia iliyonichukulia wiki mbili za maisha yangu.

Ilikuwa kloridi ya methoksibenzoili. Jina ni refu lakini kitu chenyewe hakina maajabu. Chukua pete ya kaboni sita, ile ya benzini, ambayo walimu huichora kama umbo la pembe sita. Kwenye pembe moja ning'iniza kikundi chenye oksijeni na klorini: hapo una kloridi ya asidi, kitu kikali kinachofuka kikikutana na unyevu wa hewa. Kisha kwenye pembe nyingine ning'iniza kikundi kidogo kiitwacho methoksi. Swali ni pembe ipi. Inaweza kuwa ya jirani kabisa, au ya kuruka moja, au ile inayotazamana nayo upande wa pili. Atomi ni zilezile na idadi ni ileile, lakini vitu ni vitatu tofauti, vinavyoitwa isoma za nafasi. Na kinachovitofautisha kwenye lebo ni tarakimu moja tu mbele ya jina: mbili, tatu au nne.

Lebo yetu ilisomeka yote isipokuwa tarakimu hiyo. Mvuke wa chupa ulikuwa umeitafuna kona ya karatasi hadi ikawa kama majani ya chai.

Mzee alisema ni ya mbili. Alikumbuka siku kreti ilipofika, zamani, na alikuwa na hakika aliona mbili. Mimi nikasema ni ya tatu. Sikuwa na sababu yoyote. Nilisema tatu kwa sababu yeye alisema mbili.

Tukiwa katika hali hiyo, mlango ukagongwa, akaingia binti wa kidato cha sita akiwa na barua mkononi.

Nilimjua vizuri, na yeye ndiye aliyekuwa akininyima raha kuliko wanafunzi wote wa darasa lile. Alitoka Kaoze, chini bondeni, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao miaka mingi kabla hajazaliwa. Kwenye biolojia alikuwa wa pili au wa tatu. Kwenye kemia ya kawaida alijikongoja vizuri tu. Lakini tulipoingia kwenye pete za benzini alizama kama jiwe. Katika jaribio la mwisho wa muhula nilikuwa nimewapa isoma tatu wazitofautishe, naye akaandika kwa mwandiko safi kabisa kwamba hakuna tofauti. Nilimpa sifuri, nikachora mstari mwekundu chini ya jibu, nikaendelea na karatasi nyingine.

Alipiga goti kidogo kama walivyolelewa kwao, akatuamkia, akanipa barua. Alikuwa anaomba kurudi kidato cha tano, aanze upya na masomo ya sanaa. Nilisoma mistari miwili nikaishia hapo. Mwaka mzima wa ada na jasho la wazazi wake, kisha arudi nyuma kwa ajili ya pembe sita. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwa koti, nikamwambia tutazungumza. Sikujua tutazungumza nini.

Hakuondoka. Alikuwa anaiangalia ile chupa mkononi mwa mzee.

"Madam," akasema, "hiyo jana mchana ilikuwa maji."

Siku iliyotangulia ilikuwa zamu yake kufagia stoo, na alikuwa ameisogeza ili apitishe ufagio. Mzee alisikia habari ya kusogezwa akavuta pumzi, lakini akajizuia. Akaiinamisha chupa kuelekea dirishani. Ndani hakikutikisika kitu. Kilikuwa kigumu, cheupe, kimeng'ang'ania ukuta wa chupa.

Mzee akasema ni wazi imeharibika. Unyevu umeingia, kloridi imegeuka asidi, na asidi yake ni unga mweupe. Ilikuwa hoja nzuri, na mimi nilikuwa tayari kukubali. Binti akatikisa kichwa pole pole, kwa adabu, kama mtu anayemkatalia mkwe chakula.

Akaeleza kwamba mama yake hutengeneza samli. Kule Kaoze samli haigandi mwaka mzima, unaimimina tu kwenye kijiko. Alipokuja shule mara ya kwanza alipewa kopo moja, na asubuhi ya kwanza hapa Sumbawanga alilikuta limekuwa jiwe, akalia akidhani limeoza. Mchana, jua lilipopiga bati, likayeyuka. "Kama ingekuwa imegeuka asidi," akasema, "mchana isingerudi kuwa maji."

Tuligeukia ukutani wote wawili. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi kumi na nne. Julai yetu ni hiyo, upepo unapita chini ya mlango na uji wa ulezi unapoa kabla hujafika kwenye meza. Nikaenda ofisini kuchukua kitabu changu cha majedwali. Isoma mbili kati ya zile tatu hubaki kimiminika hata katika baridi yetu. Iliyobaki, ile ambayo vikundi vyake vinatazamana, huganda chini kidogo ya nyuzi ishirini na mbili.

"Basi ni ya nne," nikasema.

"Kitabu kinazungumzia kitu safi," mzee akajibu. "Hii imekaa rafuni kuliko umri wa huyu mtoto. Tupime." Kisha akaongeza, kwa sura ya mtu aliyekwisha kushinda, kwamba atakayekosea atamwamkia mshindi shikamoo wiki nzima.

Nikamkumbusha kwamba mimi namwamkia kila siku, kwa hiyo nikishindwa sipotezi kitu. Akasema dau lake haliko kwangu, kwa sababu mimi nilisema tatu na sasa najidai nne. Dau lake lilikuwa kwa binti. Binti alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Njia ya kupima ilikuwa rahisi kwenye karatasi. Unachukua kloridi kidogo, unaigeuza kwa makusudi kuwa asidi yake, unaisafisha, kisha unaangalia inayeyuka kwenye joto gani. Asidi mbili za kwanza huyeyuka karibu na nyuzi mia, moja kabla kidogo ya nyingine. Ile ya nne huvumilia hadi mia na themanini na zaidi. Tena kule kwetu juu maji huchemka mapema kuliko pwani, kwa hiyo kupima kitu kwa kuchemka kungetupotosha. Kuyeyuka hakujali uko mlimani au bondeni.

Kazi ilikuwa kuifungua. Mzee alikataa katakata isifunguliwe ndani. Alisema chupa ya aina hii ikikaa sana hujitengenezea gesi, na kizibo kinaweza kukurukia usoni. Asubuhi iliyofuata, ingali imeganda, aliitia kwenye ndoo ya mchanga mkavu nyuma ya maabara, akaifunika gunia, akatupanga upande unaotoka upepo. Miwani ya kinga tulikuwa nayo miwili tu. Alivaa mmoja, mwingine akampa binti. Mimi nikaambiwa nisogee nyuma, nikasogea hatua mbili.

Alikizungusha kizibo kwa robo. Chupa ikatoa sauti ndefu ya kuzomea, na moshi mweupe ukatoka chini ya gunia. Na upepo wa Sumbawanga, ambao wiki nzima ulikuwa ukivuma kutoka kusini mashariki bila kubadilika, ukachagua dakika hiyo kugeuka.

Sijawahi kulia vile, hata kwenye msiba wa bibi yangu. Kloridi hizi hushika macho na pua kama vitunguu gunia zima. Mzee naye machozi yalimtoka chini ya miwani, yakamfuata mikunjo ya mashavu. Binti alikuwa anapiga chafya na kufuta uso kwa sketi. Hatukuthubutu kuondoka kwa sababu kizibo kilikuwa hakijatolewa chote.

Hapo ndipo Sista Mkuu alipopita. Mkuu wetu wa shule ni mtawa mwenye moyo laini na haraka nyingi. Alituona watu watatu tumeizunguka ndoo iliyofunikwa gunia, tumeinamisha vichwa, tunalia. Akasimama. Akajishika kifua, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyetutoka.

Nilijaribu kujibu, sauti haikutoka. Mzee akatikisa kichwa na kuonyesha ndoo kwa kidole, jambo lililoharibu zaidi. Sista alikuwa amekwisha kufanya ishara ya msalaba.

"Hakuna aliyekufa, Sista," binti akasema kati ya chafya mbili. "Ni kloridi."

Sista alitutazama mmoja mmoja. Kisha akasema poleni, kama vile bado kuna jambo tunamficha, akaenda zake. Saa nne ikaletwa chupa ya chai ya maziwa maabara, bila maelezo.

Mzee alichota kipande kidogo kwa kijiko cha kioo, akafunga chupa, akairudisha kwenye mchanga. Yaliyobaki nilimwachia binti. Alitia kile kipande kwenye maji baridi ya magadi soda, akakoroga mpaka ile harufu kali ikaisha. Akaongeza asidi tone kwa tone, na ghafla bika, ile glasi ya maabara, ikajaa weupe, kama uji unaposhika. Akachuja, akayeyusha kwenye maji ya moto, akaacha yapoe. Fuwele zikaota kama sindano nyembamba. Tuliziweka juu ya karatasi dirishani, nikazifunika kwa kopo zisipeperuke.

Wakati tunangoja zikauke ndipo nilipomuuliza lile swali nililopaswa kumuuliza kabla ya kuchora mstari mwekundu. Kwa nini aliandika kwamba hakuna tofauti?

"Nilihesabu, madam," akajibu. "Kaboni nane, hidrojeni saba, oksijeni mbili, klorini moja. Kila mara zikawa sawa. Nikarudia nyumbani likizo, zikawa sawa. Nikadhani hizo tarakimu mnatunga ili mtupe swali la mtihani."

Hakuwa anatania. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimemchorea pembe sita ubaoni, nikahamisha kikundi kutoka hapa kwenda pale kwa chaki, na sikuwahi kumwonyesha kitu ambacho chaki ile ilikuwa inakisemea. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda masikioni.

Nikamweleza kwa kuni, kwa sababu nje ya dirisha wapishi walikuwa wanashusha kuni. Fimbo zilizonyooka zinafungika mzigo mmoja mgumu. Zenye panda na vifundo huacha nafasi, na mzigo unalegea mapema. Molekuli ambayo vikundi vyake vinatazamana imenyooka. Zile mbili nyingine zina kiwiko. Ile iliyonyooka hujipanga vizuri, kwa hiyo huganda kwa urahisi na kuyeyuka kwa shida.

Aliwaangalia wapishi wakipanga mzigo. "Kwa hiyo ningekuwa nahesabu hadi leo," akasema.

Siku ya tatu tulipima. Kifaa maalumu hatukuwa nacho, tukatumia bika ya mafuta ya alizeti juu ya moto mdogo. Binti alipakia fuwele kwenye mrija mwembamba kama sindano, mzee akaufunga kwa uzi kwenye kipimajoto. Kipimajoto chetu kilikomea nyuzi mia na kumi. Kikizidi hapo kinapasuka. Mafuta yalianza kunukia, na muda si mrefu kidato cha pili, waliokuwa darasa la jirani, wakatuma mwakilishi kuuliza kama kuna maandazi.

Nyuzi tisini. Tisini na tano. Mzee alikuwa ameinama hadi ndevu zake zikakaribia kuungua. Mia. Kama ilikuwa ya mbili, ingeanza kulegea hapo. Fuwele zilisimama wima, nyeupe, kavu. Mia na tatu, mia na tano. Kama ilikuwa ya tatu, yangu mimi, ilipaswa kuwa inayeyuka sasa. Mia na nane. Mia na kumi, na mzee akakichomoa kipimajoto kwa mkono mwepesi kabla hakijaumia.

Akaunyanyua mrija kwenye mwanga. Hakuna hata punje moja iliyokuwa imelowana.

Hatukuwa tumeiona ikiyeyuka. Tulikuwa tumeona tu kwamba si zile mbili, na kati ya vitu vitatu hilo linatosha. Mzee alikifuta kipimajoto, akakirudisha kwenye pamba yake, akavua miwani. Kisha akasimama mbele ya binti, akaweka mikono nyuma.

"Shikamoo," akasema.

Binti alirudi nyuma hadi akagonga meza. Akaniangalia mimi nimwokoe. Akamwomba mzee asimfanyie hivyo, kwamba wakisikia kwao atachapwa. Mzee hakucheka. Alimwambia kwamba alikosea, na aliyekosea hulipa, na asiyeitikia salamu ndiye mkosefu wa adabu.

Basi binti akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alipiga magoti yote mawili juu ya sakafu ya saruji, akainamisha kichwa, akasema, "Marahaba, babu."

Mzee alitimiza wiki yake yote. Kila asubuhi alimngoja mlangoni mwa maabara, na kila asubuhi binti akapiga magoti kumwitikia. Wanafunzi wakawa wanawahi kuja kushuhudia. Siku ya Ijumaa nadhani wote wawili walikuwa wameanza kuona ni jambo la kawaida.

Ile barua niliikuta wiki iliyofuata, baada ya kufua koti. Ilikuwa donge la karatasi na wino wa bluu. Nilimwita nikamwambia ukweli, nikamwomba radhi. Alisema hakuna shida, akiihitaji ataandika nyingine. Hakuandika. Sitasema alianza kupata mia; kemia ilibaki somo lake la tatu. Ila hakuniandikia tena kwamba vitu vitatu ni kimoja.

Chupa tuliiteketeza polepole, kijiko kwa kijiko, kwenye maji ya magadi soda, kwa siku nne. Mkaguzi alipokuja, alipitia orodha kwa muda usiozidi wa kunywa nusu glasi ya maji. Akatupongeza kwa mwandiko. Kilichomkera ni kwamba ndoo yetu ya mchanga wa kuzimia moto, ile tuliyoipunguza ili chupa iingie, ilikuwa pungufu, akatutaka tuijaze. Mzee aliniangalia, nami nikaangalia dari.

Alistaafu mwezi wa tatu. Aliniachia funguo za stoo na koti lake, na akaniambia kwa Kifipa, mbele ya kila mtu, kwamba sasa naweza kuhamisha vyungu ninavyotaka. Nilihamisha viwili siku hiyohiyo, kesho yake nikavirudisha.

Mwezi wa tano kidato cha sita walimaliza mitihani yao. Baba yake binti alipanda kutoka Kaoze kuja kumchukua. Alikuwa mzee mfupi, mkimya, aliyevaa koti zito la kitambaa cha sufu ambalo lebo ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye kwapa. Alikuwa amelinunua stendi asubuhi hiyo baada ya kushuka kwenye gari na kukutana na upepo. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu na cha mnadani. Alinishukuru, kisha akamuuliza binti yake jambo kwa Kisukuma.

Binti akacheka. Akachuchumaa pale nje ya maabara, akachora vumbini kwa kidole pete ya pembe sita, kubwa kama ungo. Akaanza kumweleza, akigusa pembe hii na ile, na mimi nikasimama pale nisielewe neno hata moja, ila mikono ile niliielewa yote. Baba naye akachuchumaa. Alisikiliza kwa makini sana, mkono kidevuni. Mwisho akaonyesha mchoro, akauliza swali fupi.

Nilimuuliza binti baba amesema nini.

"Anasema ni zizi zuri," akajibu, "ila anataka kujua mlango utakuwa pembe ipi."

Nilimuuliza amemjibu nini. Alisema bado hajamjibu, wamebakiza saa moja gari iondoke na yeye hajafunga godoro. Baba akasimama, akajipangusa magoti, akaendelea kuuangalia mchoro wakati binti amekwisha kukimbilia bwenini.